Unakata kitu kizima ili ukiunge tena?

Nilikuwa nimetandaza kitambaa cha pamba mezani, cha njano, kipya kabisa, hakijaguswa na maji, nakikata miraba ya inchi mbili na nusu. Binti wa kaka yangu alikuwa amekaa chini pembeni ya mfuko wa mabaki, anachagua vinavyomvutia anavipanga mapajani. Akaniangalia weee, halafu akauliza: "Shangazi, si kilikuwa kizima hicho? Sasa unakikata ili ukiunge tena?"

Nikamjibu ndo kwilti zinavyoshonwa, mama. Akasema haya, akaendelea na viraka vyake.

Mimi sikuendelea vizuri na vyangu.

Tangu siku ile, wiki baada ya wiki, kila nikishika mkasi hilo swali linakuja. Sisi tunaoshona kwilti, haya mablanketi ya viraka, tuna jibu letu moja tunalolitoa kila tukiulizwa, kwamba tunatumia mabaki, hatutupi kitu, tunaokoa, na mimi nimelitoa hilo jibu mara nyingi sana kwa moyo wangu wote, lakini siku ile juu ya meza kulikuwa na kitambaa kipya kinakatwa vipandevipande na chini ya meza kulikuwa na mfuko umejaa mabaki na aliyekuwa anayajali ni mtoto peke yake. Sasa tunaokoa nini hasa?

## Robo inchi

Nikaona nianze na hesabu, maana hesabu haimbembelezi mtu.

Kila kipande kinaliwa robo inchi kila upande kwenye mshono. Hilo tunalijua wote, mkono unalifanya wenyewe bila kuambiwa. Lakini hebu liweke kwenye karatasi. Mraba uliokatwa inchi 4.5 ukishaungwa pande zote unaonekana inchi 4, yaani kwenye inchi za mraba 20.25 zinazobaki juu ni 16, asilimia 21 hivi imeingia ndani. Hapo si mbaya. Shuka kwenye inchi 2.5, zile nilizokuwa nakata, unaonekana 2, na asilimia 36 ya kitambaa iko nyuma haionwi na mtu. Shuka tena mpaka vile vya inchi 1.5, ambavyo ndo vinasifiwa kweli kwamba vinamaliza hata kiraka kidogo namna gani, hapo juu inabaki inchi moja tu na zaidi ya nusu ya kitambaa, kama asilimia 56, imekwenda kwenye mshono.

Chukua kwilti ya inchi 60 kwa 80. Kwa viraka vya inchi moja unahitaji 4,800. Kitambaa ulichokata kwa kazi hiyo kikiwa kizima kingefunika kwilti mbili na robo za ukubwa huohuo.

Mbili na robo!

Niliirudia hiyo hesabu kwa sababu sikuipenda. Najua kuna wa kuniambia kwamba kilichoingia kwenye mshono hakijapotea, kipo, kinaongeza uzito na joto, na ni kweli, ukiishika kwilti ya viraka vidogo mkono unahisi tofauti. Na huwezi kuamua tu kuubana mshono uwe mwembamba zaidi, utafua mara kadhaa nyuzi zianze kuchomoka viraka viachane. Yote nayakubali. Ila kuna jambo jingine ambalo hesabu haikulitaja na ndo lilinikalia zaidi.

Mabaki hayaji yakiwa miraba. Yanakuja na mviringo wa kwapa, mkato wa shingo, pembetatu ndefu iliyobaki ubavuni mwa sketi. Ukitaka mraba humo ndani lazima ukate, na ulichokikata kinakwenda wapi? Kinarudi mfukoni, kidogo kuliko kilivyotoka. Kesho unakitoa tena ukitafuta mraba mdogo zaidi, kinarudi tena kikiwa uzi na uzi.

Ndo maana mfuko haupungui. Unasagika tu.

## Wa zamani nao walinunua

Nikaenda kwenye historia nikitafuta faraja kidogo, maana tunavyosimuliana ni kwamba kwilti imezaliwa na uhaba, bibi hana kitu anaokota viraka anawafunika watoto. Hao mabibi walikuwepo kweli, nitawafikia. Lakini ukifuatilia Marekani, ambako ndo michoro mingi tunayoiiga imetokea, zile kwilti za miraba ya kurudiarudia zilienea hasa kuanzia miaka ya 1840, na kilichozieneza ni viwanda. Pamba iliyochapwa maua ilishuka bei, watu wakaweza kununua kitambaa kipya kwa ajili ya kukikata na kukiunga.

Miaka ya 1880 ikaja fasheni ya kwilti za vipande visivyo na mpangilio, hariri na mahameli, na darizi juu ya kila mshono. Zilipendwa mpaka wafanyabiashara wakawa wanauza mabaki ya hariri kwenye pakiti, unaagiza yanakuja kwa posta, kwa wanawake ambao nyumbani kwao hakukuwa na mabaki ya hariri ya kutosha. Yaani mtu ananunua mabaki.

Niliposoma hilo nilikaa kimya kidogo, kwa sababu leo hii pia ukitaka pakiti ya miraba iliyokatwa tayari kiwandani, ya inchi 5 au ya inchi 10, inauzwa, na wengi wetu tumeinunua.

Nikakutana na jambo jingine la miaka ya 1930 likanipa moyo. Wenye viwanda vya unga na vya chakula cha mifugo huko Marekani walikuwa wakichapa maua kwenye magunia yao ya pamba kwa sababu walijua gunia likishamalizika litageuka gauni, shati la mtoto, kisha kwilti. Hapo angalau kitambaa kiliingia nyumbani kwa kazi yake kwanza. Kwilti ikaja mwisho wa safari, baada ya gunia na gauni.

Hapo nikaanza kuona kumbe nilikuwa nachanganya kazi mbili tofauti kwa sababu zinafanana zikiwa kitandani.

Kuna kwilti inayoanza na mchoro. Unajua unataka nini, nyota, ngazi, mabawa, unatafuta kitambaa cha kuufikisha mchoro pale unapotaka. Hiyo ni sanaa kamili na kitambaa kipya ni haki yake kama rangi mpya ilivyo haki ya mchoraji. Na kuna inayoanza na kilichobaki, ambayo haijui itakuwaje mpaka imekuwa. Tatizo letu liko katikati, pale tunapochukua mabaki tukayalazimisha kwenye mchoro. Tunapoteza kitambaa, tunapoteza muda, na mara nyingi tunaishia kununua kipya ili mabaki "yaendane".

## Nguo ya kazi

Sasa wale mabibi. Gee's Bend ni mahali palipo ndani ya kona ya mto Alabama, jimbo la Alabama, na wakazi wake ni wajukuu na vitukuu vya watumwa wa mashamba ya pamba. Wanawake wa pale walishona kwa suruali za kazi, mashati ya shamba, magunia, chochote. Mwaka 2002 kwilti zao zikaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa la Houston, zikapelekwa Whitney, jumba jingine la sanaa kule New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitolea stempu. Watu waliosomea sanaa walisimama mbele yake wakashangaa.

Mimi ninayoirudia kila mara ni moja, ya Missouri Pettway, ya mwaka 1942. Mume wake alikuwa amefariki. Akachukua nguo zake za kazi akashona kwilti, ili amkumbuke na ajifunike nazo. Ni vipande vikubwa, vilivyopauka kwa jua na kufuliwa, vimeungwa kwa mistari mirefu. Hakuna mraba wa inchi moja pale. Mguu wa suruali umebaki na urefu wa mguu.

Ukiangalia kwilti za nguo za kazi kwa karibu utaona sehemu ambayo mfuko ulibanduliwa, pana umbo la mfuko lenye bluu iliyokoza katikati ya bluu iliyopauka. Mshonaji angeweza kuikata sehemu ile akaitupa. Amepaacha, na jicho lako linakwenda palepale.

Hapo ndo niligeuka kimawazo. Umbo lilikuja na kipande, na kwilti ikalifuata.

## Kuanzia ukingoni

Lakini mimi nina mfuko wa vidogo, sina suruali nzima. Vidogo nivifanyeje?

Jibu nililipata kwa Wasiddi. Hawa ni watu wenye asili ya Afrika wanaoishi India, na wanawake wao kule Karnataka wanashona mablanketi ya viraka yanayoitwa kawandi. Namna yao inapindua karibu kila kitu nilichofundishwa. Hawaungi viraka kwanza halafu ndo watafute ujazo wa katikati na bitana ya chini. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanza kwenye kona, wanapachika kiraka kimoja kimoja wakipita na bandi, ule mshono wa mkono wa sindano kuzama na kuibuka, wanazunguka ukingo wote na kuingia ndani raundi kwa raundi mpaka wafike katikati. Bandi ileile inayoshika kiraka ndo inayoshikanisha tabaka zote. Hakuna mshono wa pembeni wa kula robo inchi kila upande, hakuna mraba, hakuna kupanga upya. Wakimaliza wanaweka kwenye kona vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na blanketi lisilo na phula kwao halijavikwa bado.

Nikatafuta shuka la zamani, la pamba, lililolainika, nikaanza kona.

Nieleze mkono unavyokwenda, kwa sababu hapa ndo penye utamu. Unachukua kiraka kama kilivyo. Unakunja ukingo wake kwa kucha, bila pasi hata, unaburuza kucha kwa nguvu mpaka kitambaa kikubali. Unakikalisha kona ya shuka, unaanza bandi ukifuata ukingo, mshono wa juu na wa chini ulingane ukiweza. Kiraka kinachofuata unakikunja upande mmoja tu, ule utakaokaa juu ya ukingo mbichi wa mwenzake. Pale ambapo kiraka kina mviringo wa kwapa au kona inayosumbua, hupigani nayo: unauchagua upande rahisi uukunje, ule mgumu unausukuma chini ya kiraka kitakachofuata, unafunikwa, basi. Kile kipande cha shingo ambacho miaka yote hakikuwa na kazi kilikaa pale kikatulia.

Mstari wa bandi unazunguka, unarudi ulipoanzia, unaingia ndani kwa upana wa kidole, unazunguka tena. Raundi za mwanzo zinachosha kwa sababu ni ndefu, na kitambaa kinavuta hivi na hivi. Nilijifunza kulilaza blanketi mezani na kulisawazisha kwa kiganja kila baada ya sindano kadhaa, kuanzia nje kwenda ndani, ili ulegevu wote uwe unasukumwa katikati ambako bado kuko wazi. Ukiubana ukingo kabla ya kusawazisha, mkunjo unabaki hapo milele. Subana, kile kikofia cha kukinga kidole, vaa, tena mapema, maana sindano inapopita sehemu yenye tabaka nne kidole cha kati kinaumia kabla hujajua.

Kitambaa bado kinajificha kidogo pale kinapopandana, siwezi kusema vinginevyo. Lakini sikukata karibu kitu. Nimeshona jioni nyingi na mkasi umekata uzi tu.

Na mfuko umeshuka. Kwa mara ya kwanza nauona umeshuka.

## Giza na mwanga

Kilichonisumbua katikati ya kazi ni rangi, na nilikaa nayo muda. Ukiweka kila ulichonacho unapata fujo, jicho linazunguka halipati pa kukaa. Nikawaza labda ndo pale watu wanapokwenda kununua kitambaa kimoja kipya cha kutuliza vingine.

Kumbe jambo lenyewe si rangi. Ni giza na mwanga. Kiraka cha kijani na cha nyekundu vikiwa na ukolevu mmoja, kwa mbali ni kitu kimoja. Piga picha viraka vyako kwa simu, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, utashangaa kipi ni cha giza na kipi cha mwanga, maua madogo hasa yanadanganya sana. Ule mchoro wa zamani wa nyumba ya magogo, wa vipande virefu vinavyozunguka mraba mdogo katikati, unategemea hilo tu: pande mbili giza, pande mbili mwanga, na ndani ya hapo unaweza kuweka rangi yoyote duniani na bado utasomeka.

Kwa hiyo nikajipa sharti moja. Raundi za nje viraka vya giza, nikiingia ndani niende kwenye mwanga polepole. Sharti moja linatosha. Yakiwa matatu unarudi kwenye mchoro, na ukirudi kwenye mchoro utarudi kwenye mkasi.

## Vinavyogombana

Hili nilipitie haraka, maana mnalijua. Kitambaa cha tisheti kinavutika na cha shati hakivutiki, ukiviweka pamoja cha tisheti kitajikunja baada ya kufuliwa, mimi nakitenga. Jinzi ni sawa kwa jinzi mwenzake, ila kushona kwa mkono tabaka tatu za jinzi ni adhabu. Poliesta haiivi na pasi kama pamba, ukiipasha sana inang'aa au inayeyuka. Nyekundu na bluu iliyokoza zijaribu kabla: lowanisha kona, kandamiza kwa kitambaa cheupe, ukiona rangi imehama fua peke yake mpaka maji yawe meupe. Na kitambaa kilichochoka, ambacho ukikinyoosha kwenye mwanga unaona vidole vyako, kinaweza kuingia lakini kiweke juu ya kingine chenye nguvu.

Vichengachenga vyenyewe, vilivyo vyembamba kuliko kidole gumba, sivishoni tena. Vinajaza mto wa kukalia, vizito lakini vinakaa. Nimeamua pa kuishia na nimepata amani. Kuna washonaji wanaohesabu kila uzi kuwa ni dhambi kuuacha, nawaheshimu, ila nadhani wanajibebesha mzigo ambao kitambaa hakikuwapa.

## Na ile njano?

Ile miraba ya njano niliimalizia. Ilikuwa ya mchoro, nyota zinazoshikana pembe, ya mtu anayeolewa, na nyota zenye pembe kali zinataka kitambaa kilichonyooka, kisichofuliwa mara mia kikavutika mshazari. Nilimweleza binti hivyo: hii nimeinunua ili niikate, kwa sababu nataka nyota, na hainiokolei chochote. Akaitika tu, "Sawa shangazi, lakini ni nzuri." Nzuri ni jibu linalojitosheleza. Sijui kwa nini tuliona haya kulitoa mpaka tukaanza kujificha nyuma ya mabaki.

Sehemu moja bado naifikiria. Kwilti ya mchoro inataka mgongo mpana na upapi wa kuizungushia ukingo, na hivyo karibu kila mtu anavinunua vizima. Kwenye hii ya kawandi mgongo ni shuka kuukuu na upapi hauhitajiki, ukingo unakunjwa pamoja na viraka vya kwanza. Swali langu ni je, shuka lililokwisha kulaliwa miaka litabeba viraka vipya vyenye nguvu kuliko lenyewe? Niliyemuuliza, mzee mmoja aliyeshona maisha yake yote, aliniambia shuka ndo litakalotangulia kuchanika, tena katikati ambako mwili unalala, na kwamba niache kulihurumia. Likichanika unageuza blanketi, unapachika kiraka mgongoni kama ulivyopachika mbele, unapita na bandi juu ya bandi. Cha zamani usikifumue, kiache ndani kiwe ujazo.

Kwa hiyo sasa hivi natenga viraka vikubwa, vya pamba, vilivyofuliwa sana, rangi yoyote. Hivyo ni vya mgongo.